Sura ya Tisa: Vinundu Mahali pa Mashimo

"Hatugusi, mama," mwenye ukumbi wa picha alisema, na mkono wa Sajini Kobe ukabaki hewani kama wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

Kobe halikuwa jina lake. Kituoni walimpachika kwa sababu ya mwendo wake, na yeye akalipokea bila kinyongo, maana alishawaona sungura wengi wakirudi kuuliza njia.

"Hata polisi hagusi?"

"Hata mimi mwenyewe sigusi, afande. Jasho la mkono linaharibu kazi. Sheria imebandikwa pale mlangoni."

Kobe akaurudisha mkono mfukoni, akasogea nyuma hatua mbili. Picha ilikuwa kubwa kama mlango uliolazwa ubavu, nyeupe yote, weupe wa majivu yaliyopoa. Haikuwa na uso wa mtu wala nyumba wala mti. Ilikuwa na mikwaruzo mirefu kama iliyopitishwa chanuo, na alama za mviringo, kila moja saizi ya dole gumba, zimeanza zikiwa zimesongamana pembeni, kisha zikatawanyika kama watu wanaotoka kwenye mkutano.

Mchoraji mwenyewe alikuwa ametoweka miezi saba. Aliondoka nyumbani Jumanne asubuhi, akapita hapa ukumbini, na baada ya hapo hakuna aliyemtia machoni. Halafu, wiki tatu zilizopita, picha hii ikaletwa na gari la vifurushi, haina barua wala sahihi. Mkewe aliitwa, akaitazama, akaenda kituoni kuandikisha maneno matano: Ni mkono wa mume wangu.

Kama ni mkono wake, basi yu hai. Kama si wake, hakukuwa na kitu kingine cha kushika, na mkubwa wa kituo alishasema jalada lifungwe Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano.

"Huyo mwanamke anamficha mumewe," mkubwa alikuwa amemwambia Kobe asubuhi. "Au ameitengeneza mwenyewe ili tuendelee kumtafutia. Nenda ukaone, lakini usinikalie huko mpaka uote kuvu."

Kobe akamgeukia mwenye ukumbi, mwanamume mwembamba aliyevaa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Nieleze hizi kazi zake," akasema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeingia humu akidhani ni benki."

Mwenye ukumbi akacheka. "Wapo wanaoingia hivyo kweli. Kwanza wanauliza, hii ni picha ya nini? Yeye swali hilo lilikuwa linamchoma. Alikuwa anasema, kiti kilichochorwa hukikalii, sasa ya nini kuhangaika kuchora kiti? Afadhali nitengeneze kitu ambacho ni hicho chenyewe, hakijifanyi kingine." Akafungua droo, akatoa kijitabu chembamba. "Haya maneno yake mwenyewe. Soma hapo."

Kobe alisoma taratibu, midomo ikimsaidia macho.

*Rangi yangu ni moja. Rangi ya pili ni kivuli, na hiyo siinunui. Naondoa kidogo kwenye uso wa picha, na kivuli kinakuja kukaa pale nilipoondoa. Ukihamisha taa, umehamisha picha. Anayetaka kunijua asitazame nilichoweka. Atazame nilichoondoa.*

Akayasoma tena. Kisha akafunua ukurasa wa pili, akakuta picha ileile iliyokuwa mbele yake ukutani: mikwaruzo ileile, alama zilezile zikitawanyika.

"Hiyo ya kijitabuni ni Namba Kumi na Nne," mwenye ukumbi akasema. "Ipo sebuleni kwake, alikataa kuiuza. Hii iliyoletwa ni pacha wake. Wachoraji hurudia, afande. Anakumbuka kitu, anakirudia."

"Namba Kumi na Nne nimeiona jana," Kobe alisema.

Aliiona, na aliigusa. Mke wa mchoraji alikuwa akiipangusa vumbi kwa brashi laini, tundu moja baada ya jingine, kama anayemsafisha mtoto masikio. Kisha akamshika Kobe kidole bila kuomba, akakipeleka. "Gusa, dada. Mwenyewe alitaka ziguswe." Kidole kilizama mpaka kwenye kucha.

"Funga mapazia," Kobe akasema.

"Samahani?"

"Mapazia yote, na uzime taa. Sigusi kitu."

Ukumbi ukawa giza kama tumbo la kabati. Kobe akatoa tochi, akaiweka upande wa kushoto wa picha, karibu na ukuta, akaiwasha. Ule weupe ukaamka. Kila alama ya mviringo ikapata upande wa mwanga na upande wa kivuli.

"Mwanga uko upande gani?"

"Kushoto."

"Na upande gani wa alama umeng'aa?"

"Kushoto vilevile. Kivuli kiko kulia."

"Sasa chukua bakuli tupu kichwani mwako, limulike kutoka kushoto. Ukingo wa kushoto unaziba mwanga, kwa hiyo ndani kushoto ndiko kwenye kivuli, na kulia ndiko kunakong'aa. Hapa ni kinyume. Hili si bakuli, ni bakuli lililofunikwa. Haya si mashimo, baba. Ni vinundu."

Mwenye ukumbi alishusha miwani ya kichwani, akaivaa juu ya ile nyingine. Akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kuvunja sheria yake mwenyewe.

"Haiwezekani," alisema. "Huyu mtu hajawahi kuweka kinundu maishani mwake."

"Wiki tatu imetundikwa hapa."

"Nani angejua? Hatugusi!"

Kobe akafungua pazia moja, akaweka kijitabu mezani. "Tazama Namba Kumi na Nne hapa. Unaona nini?"

"Naijua ni mashimo, lakini hapa zinaonekana vinundu."

"Na mimi kabla sijaigusa ningeamini ni vinundu. Sasa nakigeuza, kichwa chini miguu juu. Tazama tena."

Mwenye ukumbi akatazama, na mdomo ukamfunguka. Ukurasa uleule, wino uleule, lakini vinundu vilikuwa vimezama vyote, vimekuwa vishimo.

"Macho ya binadamu yamezoea mwanga kutoka juu, tangu Mungu alipoweka jua," Kobe alisema. "Ukiuleta mwanga kutoka chini, shimo linaonekana kinundu. Nani alipiga hii picha?"

"Mimi. Nililaza kazi sakafuni kwenye chumba chake cha kazi. Na dirisha..." akakigeuza kijitabu tena, "dirisha lilikuwa upande wa chini. Miguuni."

"Basi. Aliyetengeneza hiyo ya ukutani hajawahi kuigusa Namba Kumi na Nne yenyewe. Ameiona kwenye kijitabu tu, akaamini macho. Mke ametoka kwenye orodha yangu, maana mke anaijua kwa vidole. Na mchoraji naye ametoka."

"Kwa hiyo si yeye," mwenye ukumbi alisema polepole. "Masikini yule mama."

"Kijitabu hiki wanacho watu wangapi?"

Swali hilo lilimkalisha kitini. "Hapo ndipo penye ugumu, afande. Hakuna mtu. Mchapaji alichelewa, maonyesho yakaisha vijitabu havijafika. Vilifika Jumanne ileile aliyopotea. Yeye akaja, akaniachia hiki kimoja, akajitwika boksi zima begani, akatoka. Ndiyo mara ya mwisho kumwona. Nilishawaeleza wenzako."

"Kwa hiyo mwenye kingine amepewa na yeye baada ya hapo."

"Au..." mwenye ukumbi alianza.

"Au amemkuta nalo boksi hana wa kumtetea," Kobe akamalizia. "Na wewe unacho kimoja."

Mwenye ukumbi akavua miwani zote mbili, akaanza kuzifuta kwa shati. Kobe akafungua mapazia yaliyobaki.

"Tulia. Wewe ndiye uliyelaza picha, unajua dirisha lilikuwa wapi. Hungekosea. Nionyeshe ilivyofungwa ilipokuja."

Kifungashio cha mzigo kilikuwa bado stoo: mifuko mitatu ya jasi ya ujenzi iliyopasuliwa na kushonwa pamoja. Kibandiko cha kampuni ya vifurushi hakikuwa na jina la mtumaji, lakini kilikuwa na mhuri wa ofisi ulikopokelewa, mji mdogo ulio mwendo wa saa mbili. Kobe akaigeuza picha. Kingo za ubao zilikuwa zimenyooshwa kwa lipu, kona kali, sawasawa, kama pembe za nyumba mpya. Mchoraji hanyooshi kona hivyo. Fundi wa nyumba hunyoosha, tena hata akiwa usingizini.

Katika jalada, ukurasa wa sita, kulikuwa na mistari miwili ya askari aliyemtangulia: *Kaka yake mkubwa, fundi lipu, amepigiwa simu. Anasema hajamwona miaka kumi na moja.* Na chini yake, jina la mji uleule wa mhuri.

*

Alhamisi saa nne asubuhi Kobe alimkuta huyo kaka kwenye jengo la shule lililokuwa likijengwa, yuko juu ya jukwaa la mbao, mgongo kwa mlango.

"Fundi, mimi ni polisi."

"Hata ungekuwa mvua ya mawe, ukuta huu unamalizwa kwanza," alijibu bila kugeuka. "Kaa kwenye hiyo ndoo, dada. Lipu ikianza kukauka haijui mkubwa wala mdogo."

Kobe akapindua ndoo, akakaa. Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mabega mapana, mkono mwepesi. Alirusha mchanganyiko kwa mwiko, pa, pa, pa, akapitisha ubao mrefu kutoka chini kwenda juu, akanyunyiza maji kwa brashi, akasugua kwa kuzungusha. Ukuta ukawa laini kama ganda la yai. Ilipita karibu saa nzima. Akashuka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Ni habari ya mdogo wangu," akasema. Hakuuliza.

"Ulisema kwenye simu hujamwona miaka kumi na moja."

"Nilisema."

"Nionyeshe kijitabu."

"Kijitabu gani?"

"Ulichokuwa unakitazama ukitengeneza ile picha. Vilitoka kwa mchapaji Jumanne aliyopotea, na vyote alibeba yeye. Mtu asiyemwona miaka kumi na moja asingekuwa nacho."

Fundi aliutazama ukuta wake kama anayetafuta mahali alipopaacha. Kisha akaenda kwenye mfuko wa zana, akachomoa kijitabu kilichojaa alama za vidole vya chokaa.

"Mwenye ukumbi ameitundika," alisema. "Shemeji yangu amesema ni ya mumewe. Wewe umejuaje? Niambie kifundi. Nimekosea wapi?"

Kobe akakichukua, akakigeuza kichwa chini, akamrudishia.

Fundi akatazama. Akakigeuza sawa, akakigeuza tena. Halafu akacheka, kicheko kilichoanza vizuri kikaishia pabaya.

"Mashimo! Miezi minne nakaa na kijiko napandisha kinundu kimoja kimoja, kumbe mwendawazimu yule alikuwa anachimba!" Akafuta uso kwa mkono uliolowa. "Ningejua. Tangu mdogo yeye alikuwa anachimba."

"Boksi liko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Vyote vipo kasoro hiki. Alisema niwagawie mafundi."

"Alisema lini?"

"Alhamisi."

Kobe akafungua daftari. Jumanne mchoraji alitoka kwake. Alhamisi alikuwa hapa. Akaandika, akapiga mstari chini ya siku.

"Anza mwanzo, kaka. Mmegombania nini miaka yote hiyo?"

"Ukuta." Fundi akakaa kwenye ngazi. "Alikuwa mwanafunzi wangu. Nikampa ukuta wa chumba cha mama, apige peke yake. Akaujaza mikwaruzo na mashimo ya vidole. Ananiambia, kaka, uache hivyo, jioni kivuli kitakaa humo, mama atakuwa na kitu cha kutazama. Wageni wakacheka. Mimi fundi wa watu, mama yangu analala kwenye chumba kisichoisha! Nikachukua nyundo, nikaubandua wote mbele ya macho yake, nikapiga upya, laini. Alikunja nguo zake."

"Na mama?"

"Mama alisema ule wa kwanza ulikuwa unamchekesha. Alisema baadaye, nyundo imeshafanya kazi."

"Sasa Alhamisi."

"Nilikuwa juu, nina ukuta mbichi. Nikasikia, kaka, nimekuletea kitu uone, kuna watu siku hizi wananielewa. Nikasema weka hapo, nimalize. Akakaa, palepale ulipokaa wewe. Saa nzima." Fundi alinyoosha vidole vyake vinene, akavitazama. "Dada, ukuta ule nilikuwa nimeumaliza mapema. Nilikuwa nasugua uliokwisha. Nilikuwa sijui nitashukaje, nitaanza na neno gani. Nilipopata neno nikageuka. Boksi lipo, mtu hayupo."

Nje, mchanganyaji wa zege alikuwa akiimba bila kujua maneno.

"Kabla ya kuondoka alisema kingine?"

"Aliuliza machimbo ya zamani ya chokaa kama bado yanaingilika. Tulikuwa tunachimba huko tukiwa wadogo. Nikamjibu bila kugeuka, yanaingilika. Kuanzia Ijumaa yake mvua ilinyesha siku nne mfululizo."

"Na simu ya polisi ilipokuja ukasema uongo."

"Ningesema nini? Ndugu yangu kanijia baada ya miaka kumi na moja nikampa mgongo? Neno hilo linatamkwaje?"

"Na picha? Ya kumdanganya shemeji yako?"

"Sikumfikiria shemeji, Mungu anisamehe. Nilimfikiria yeye. Huyu mtoto ana ubaya mmoja: ukiharibu kazi yake hawezi kunyamaza. Atatembea kwa miguu aje akugombeze. Nikasema, kama yupo popote pale, atasikia kuna picha imetundikwa kwa jina lake na hakuichora. Atakuja. Atanitukana hapa mbele ya mafundi." Akakitazama tena kijitabu. "Na akisikia ni vinundu! Akisikia hivyo atakuja mbio."

Kobe aliuliza yale madogo madogo ambayo wakubwa huyaruka, moja baada ya jingine, akaandika kila jibu. Kisha akampa karatasi nyeupe.

"Utanifunga?"

"Kwa picha hukuandika jina wala hukuuza. Kwa simu ile, utaandika upya, kwa mkono wako, sasa hivi. Usiruke kitu, hata kile cha kusugua ukuta uliokwisha."

Alipokuwa akiandika, Kobe alitoka nje, akampigia mkubwa.

"Jalada halifungwi. Alionekana hai siku mbili baada ya tarehe tuliyonayo. Nahitaji watu wa kuingia machimbo ya chokaa kesho alfajiri."

"Miezi saba, Kobe. Unategemea kukuta nini?"

"Sitegemei. Waambie wabebe kamba ndefu."

*

Alifika kwa mke wa mchoraji jioni, jua bado lipo ukutani. Alimkuta uani anachekecha mchanga. Mumewe alikuwa akitumia mchanga laini kwenye kazi zake, na kuchekecha ilikuwa kazi ya mke tangu waoane. Ndoo zilizojaa zilikuwa zimepangwa kwa safu, zimefunikwa vizuri, kumi na moja.

"Akirudi asikute hamna," mke alisema alipoona Kobe anazihesabu. "Karibu, dada. Uso wako una habari."

Kobe akachukua kigoda. "Ile picha si yake."

Chekecheo haikusimama. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Mwenye ukumbi aligeuka kupokea simu, nikapeleka kidole, nikakutana na kinundu."

"Ukaja kituoni ukaandikisha uongo."

"Nikaandikisha. Kila siku naomba Mungu anisamehe, na palepale naomba msigundue mpaka mumpate. Ningesema si yake, mngemfunga kwenye kabati lenu na karatasi zenu. Nikamfanya yu hai kwa sahihi yangu. Sikuwa na kitu kingine."

"Na juzi ukanishika kidole ukanigusisha ya kweli. Ulijua nitagundua."

"Nilichoka kuubeba peke yangu." Sasa ndipo alipoiweka chekecheo chini. "Haya. Ijumaa ni kesho. Mnamfunga?"

"Hapana."

Kobe akamweleza, bila kupamba na bila kupunguza: picha ni ya shemeji yake, Jumanne mumewe hakupotea, alisafiri, Alhamisi mchana alikuwa kwa kaka yake, hai, na boksi begani. Alieleza mgongo ambao haukugeuka. Alieleza machimbo, na mvua, na kwamba kesho alfajiri watu wataingia na kamba. Hakusema kheri asiyoijua wala shari asiyoijua.

Mke wa mchoraji alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Kobe alijiandaa kwa maswali. Alijua yatakuja ya machimbo, yana kina gani, mvua ilikuwa kubwa kiasi gani. Alijua yatakuja ya huyo shemeji.

"Alikula?" mke akauliza.

Kobe akafungua daftari, akatafuta ukurasa, ingawa alikuwa akikumbuka. "Alikula. Kaka yake alikuwa na mkate na chupa ya chai. Alimwambia ajihudumie. Mkate kipande kimoja, chai vikombe vinne."

"Vinne?"

"Kaka alihesabu kwa masikio. Kila mara alisikia chupa inafunguliwa."

"Mume wangu hunywa kikombe kimoja. Hata ukimlazimisha."

"Labda alikuwa na kiu. Safari ndefu."

"Hapana, dada," mke wa mchoraji alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Kobe amjue, akatabasamu, machozi yakipita pembeni ya tabasamu bila kulivuruga. "Alikuwa anatafuta sababu ya kutoondoka."